Nyumba ya chokaa si nyumba mbovu

Kila nikipita Mji wa Kale wa Mombasa nasikia ati hizi nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimepitwa na wakati, piga plasta ya simiti mambo yaishe. Wapi! Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, sasa ukiifunika na simiti maji yananaswa ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka na jiwe linaanza kumung'unyika. Ngome ya Fort Jesus hapo Mombasa ilianza kujengwa 1593, mawe hayohayo, na mpaka leo iko. Hata vyumba kuwa vyembamba si ushamba, ni urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, chumba hakiwezi kuzidi hapo. Kuta nene, ua wa ndani, hiyo ndio eisii, kiyoyozi cha wazee wetu (bili haiji), na mlangoni fundi bado akachonga nakshi.