Skuta ikicheza kichwa baada ya Mtwapa

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea skuta ya cc 300 karakanani, uso umekunjana.

"Fundi, hii yangu yacheza kichwa," akanambia. "Hapa Mombasa mjini haina neno. Lakini nikishavuka Mtwapa kwenda Malindi, nikiifikisha 85, usukani watetemeka kama mtu mwenye homa."

"Wabeba nini?"

"Sibebi kitu. Ni lile sanduku la nyuma tu."

Nikalifungua hilo sanduku la nyuma tu. Mlikuwa na kompyuta, viatu vya kazi, mtungi wa maji wa lita 5 na kufuli ya mnyororo. Nikalipandisha kwenye mizani: kilo 16.

Kichwa kikicheza, wengi hudhani ugonjwa uko kichwani. Wako mafundi ambao hukimbilia kukaza nati ya usukani hadi skuta ikatae kukata kona. Mimi huanzia mkiani. Kwenye skuta nyingi, injini, mkanda wa kuzungusha gurudumu na klachi vimefungwa pamoja na gurudumu la nyuma, na vyote hupanda na kushuka nalo. Uzito tayari umelalia nyuma. Ukiongeza sanduku linaloning'inia nyuma ya ekseli, ni kama kukalia ncha moja ya pembea, ile nyingine huinuka. Tairi la mbele hukanyaga lami kwa wepesi, na usukani mwepesi kwa kasi kubwa hutafuta sababu yoyote ya kutikisika.

Sababu ya pili niliipata kwa geji. Tairi la nyuma lilikuwa na presha ya PSI 21, ilhali kibandiko chini ya kiti kilitaka 33. Presha hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Ukipima kituo cha mafuta baada ya kuchoma lami kutoka Bamburi saa nane mchana, geji itakupa namba ya kukufurahisha tu.

Ukiwa umeinama hapo, soma ubavu wa tairi. Mwishoni mwa namba za ukubwa pana herufi: J ni ya kasi isiyozidi 100, L ni 120, P ni 150. Nimeshaona skuta ya cc 250 imevishwa tairi la J kwa kuwa lilikuwa rahisi kwa shilingi mia chache. Tazama pia namba nne zilizo peke yake. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka kwenye joto letu hili laweza kuwa na meno yote na bado liwe gumu kama kwato.

Sasa gurudumu lenyewe. Rimu ya Boxer ya bodaboda ni inchi 17. Ya Vespa GTS ni inchi 12. Ukipima pamoja na tairi, la Vespa lina kipenyo cha kama sentimita 47, la Boxer hupita 55. Shimo ambalo bodaboda hulivuka kwa kishindo, skuta huingia ndani yake. Kwa kasi ya 40 utatukana, basi. Kwa 90 rimu hupinda, au mikono huachia usukani. Kwa hiyo kwenye skuta macho hukaa mbali zaidi, na nyuma ya trela sikai kabisa, maana shimo litatokea uvunguni mwake likiwa limeshanifikia.

Watu huniuliza, "Hii yangu yaenda ngapi?" Mimi huuliza imebakisha ngapi. Kutoka 80 kwenda 100, nguvu ya kuupasua upepo inakaribia kuwa maradufu. Skuta nyingi za cc 125 huishiwa mahali fulani kati ya 90 na 100. Ukiikamua kwa 88 na matatu ikakujia mgongoni ikipiga honi, mkono umeshafika mwisho na huna gia ya kurudisha. Ya cc 300 kwa kasi hiyohiyo bado ina akiba, na akiba hiyo ndiyo inayokutoa mbele ya lori. Mwenye 125 asione haya kukaa 70 kushoto. Ndivyo nilivyokwenda Malindi miaka yangu ya kwanza, na nilifika.

Halafu upepo. Ukielekea Kilifi bahari iko kulia, na kusi hukupiga kutoka kulia kwa nyuma, kwa hiyo hukusukuma na kukudanganya. Ukirudi hukukabili usoni kutoka kushoto. Skuta ya cc 150 iliyokwenda kwa 95 ikiimba hurudi kwa 85 ikikoroma, na mwenyewe anadhani injini imekufa. Pale mashamba ya makonge ya Vipingo yanapofunguka, na juu ya daraja la Kilifi, hakuna kinachouzuia. Ukilipita lori huwa umejificha nyuma ya ukuta wake, kisha ukitokeza mbele upepo wote hukurudia kwa mkupuo. Jiandae kabla ya kutokeza: viwiko vilegee, na mkono wa upande unaotoka upepo usukume mpini mbele taratibu. Ukisukuma wa kulia, skuta hulala kulia. Skuta haina tangi la kubana kwa magoti, kwa hiyo wageni hung'ang'ania usukani, na kung'ang'ania ndiko kunakoulisha mtikisiko. Mtikisiko ukianza, punguza mafuta polepole, inamisha kifua mbele, usikamate breki ya mbele kwa ghafla.

Breki, kwa kifupi. Kwa lami kavu na breki nzuri, kutoka 80 unahitaji kama mita 35 kusimama, kutoka 100 ni 55. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, ambayo ni mita 22 au 28. Jumla 57 dhidi ya 83. Mtu anayevuka barabara Kikambala na ndoo kichwani hajui hesabu hiyo.

Mkanda nao usisubiri ukatike. Kuna watengenezaji wanaotaka ubadilishwe kila kilomita 10,000, wengine hupita 20,000. Kitabu cha skuta yako ndicho cha kufuata. Ukikatika kwenye mwendo, injini hupiga kelele na gurudumu halivuti tena. Vipande vikinasa ndani, gurudumu laweza kujifunga.

Yule kijana tulimpakia vitu chini ya kiti, tukajaza presha, na Jumapili tukatoka pamoja. Kwa 85 ilitulia kama mashua bandarini. Kwa 95 ukatokea mtikisiko mdogo, wa haraka. Tuliporudi nikaining'iniza mbele na kuuzungusha usukani kwa kidole: katikati ulikuwa na kijibonde, unaingia na kukaa. Beringi za usukani zilikuwa zimelika, kwa hiyo kichwa nacho kilikuwa na ugonjwa wake. Mpya nimeshaagiza. Sanduku ameliacha nyumbani, ila kufuli ya mnyororo bado yuwaivaa mgongoni.