Emo haikuanza na wanja

Juzi mwanafunzi mpya wa gita kaniambia emo ni muziki wa vijana wa wanja na nywele zinazoziba jicho, na kwamba waanzilishi wake ni bendi ya My Chemical Romance. Nimeyasikia haya mara nyingi mno. Leo nayajibu kwa maandishi.

The Black Parade, albamu yao maarufu, ilitoka 2006. Bendi ya Rites of Spring ya Washington, D.C. ilitoa albamu yao 1985, miaka 21 kabla! Hao walikuwa watoto wa hadikoa, yaani panki kali (hardcore): kasi, kelele, hasira. Mwimbaji wao Guy Picciotto akayageuza mashairi, akaacha kuufokea ulimwengu, akaanza kuyaanika ya moyoni mwake hadi sauti inamkatika. Watu wakaiita hadikoa ya hisia, kwa Kiingereza emotional hardcore, jina likafupishwa kuwa emo. Ian MacKaye, aliyeimba na bendi ya Embrace mjini humohumo, alilikataa jina hilo jukwaani. Gerard Way wa My Chemical Romance naye alilikataa. Mwaka 1994 Sunny Day Real Estate wa Seattle walipunguza mwendo, melodia ikapata nafasi.

Lakini njooni Illinois, ninyi mnaosema emo ni kulia tu. Chukueni bendi ya huko, American Football, 1999, wimbo "Never Meant". Nyuzi za gita zimefungwa kwa noti F-A-C-G-C-E badala ya E-A-D-G-B-E za kawaida: uzi mnene kabisa umepanda kutoka E hadi F, wa nne umeshuka kutoka D hadi C, wa pili umepanda kutoka B hadi C. Usiposhika kitu, gita tayari linaimba. Unabonyeza uzi mmoja au miwili, nyingine zinaendelea kulia zenyewe, na gita la pili linajibu katikati ya mapengo. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi atalielewa hilo upesi: magita yanasemezana. Huzuni ya wimbo ule imo vidoleni kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mavazi? Fulana na suruali za kila siku.

Upopu (ladha ya muziki wa pop) uliingia waziwazi na bendi ya Jimmy Eat World, 2001, kwa viitikio ambavyo ukumbi mzima unaweza kuimba.

Vitabu huchora mstari mmoja ulionyooka kutoka Washington hadi New Jersey, walikotoka My Chemical Romance. Mimi nasitasita kuukubali mstari huo. Nikisikiliza Rites of Spring na The Black Parade siku moja, kinachoziunganisha ni ungamo la mwimbaji. Magita hayajuani kabisa. Siku nyingine naona ungamo linatosha kuwa ukoo. Siku nyingine silioni likitosha.