Mrejesho wa utafiti ni nini?

Neno mrejesho limezoeleka maofisini. Mtu anaomba mrejesho wa kikao, mrejesho wa semina, mrejesho wa barua ya kazi aliyoipeleka mwezi uliopita. Kwenye utafiti neno hili lina maana finyu zaidi, na nzito zaidi. Ni kazi ya mtafiti kurudi kwa watu waliompa majibu yao, damu yao au muda wao, akawaeleza alichokiona kwa lugha wanayoielewa, akiwa mahali ambapo wanaweza kumuuliza na hata kumpinga.

Hapo kwenye kuuliza na kupinga ndipo wengi wanapopasahau. Chuo kikuu kikitangaza kwamba mradi umezinduliwa, mkataba umesainiwa na mgeni rasmi amekata utepe, hiyo ni habari ya chuo. Makala ikitoka kwenye jarida la kitaaluma, huo ni uchapishaji: wataalamu wanaambizana wao kwa wao. Yote hayo yana kazi yake. Lakini mama aliyekubali mwanawe achomwe kidole hasomi jarida hilo, wala hakualikwa kwenye uzinduzi.

Nilifanya kazi ya udodosaji kwa miaka kadhaa katika bonde la Kilombero. Siku moja nilifika kwa mama mmoja nikiwa na dodoso jipya, nikamwamkia, nikaanza maelezo yangu. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni. Mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto na nakala ya fomu ya ridhaa, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa ya mradi mwingine kabisa, wa miaka miwili nyuma. "Mwanangu," akaniambia, "hawa wenzenu walisema wanaipeleka damu ya mtoto kupima. Ilionekana na nini?" Sikuwa na jibu. Mradi ule haukuwa wetu, lakini kwake yeye sote tulikuwa watu wa gari lilelile. Aliijaza fomu yetu kwa heshima yangu tu, niliona wazi.

Kutorudi kuna gharama, na pwani yetu inaijua. Hadithi za mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wenzao kwa siri, zimesimuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Mtu anayechukua vichupa vya damu, akaviweka kwenye kisanduku cha barafu na kuondoka moja kwa moja, anaziongezea hadithi hizo uhai. Usiwalaumu wanakijiji kwa kuwa na shaka wakati aliyechukua hajawahi kurudi kusema ameipeleka wapi.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kimetokea Marekani. Kuanzia mwaka 1990, Wahavasupai, kabila dogo linaloishi ndani ya korongo la Grand Canyon, walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University wakiamini inatafutwa sababu ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria utetezi wa tasnifu ya uzamivu chuoni hapo, na hapo ndipo alipogundua kwamba damu ileile imetumika kwa mambo ambayo hawakuyaridhia. Sampuli zilikuwa zimeingizwa kwenye tafiti za ugonjwa wa akili na za asili ya kabila lao, jambo lililogongana na simulizi zao kuhusu walikotoka. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa wanakabila 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na mtu aliyekaa nao chini akawaambia sampuli zao zinafanyiwa nini, na kama si yule mmoja kuingia ukumbini siku ile, huenda wangekaa gizani hata zaidi.

Kanuni ipo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa tiba uliopitishwa kwanza mwaka 1964, liliporekebishwa mwaka 2013 lilisema wazi kwamba washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Kwa hiyo anayeuliza matokeo haombi fadhila.

Matokeo ya jumla na majibu ya mtu binafsi ni vitu viwili, na vinarudishwa kwa njia mbili. Mtoto akikutwa na upungufu mkubwa wa damu, mzazi anaambiwa siku ileile na kupelekwa kituo cha afya. Hakuna kusubiri mradi uishe. Jibu hilo ni siri yake. Matokeo ya jumla ndiyo yanayosomwa mkutanoni, na hata hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu kijiji ni kidogo. Ukisema "mama mmoja mwenye pacha kitongoji cha juu," hukutaja jina, lakini kila aliyekaa chini ya mwembe ameshageuza shingo kumtazama.

Ugumu mwingine ni namba. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania, huko Bagamoyo na Korogwe, na Kenya, ikiwemo Kilifi. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka kama minne ya ufuatiliaji. Ukiitamka hivyo kijijini, wengi watasikia kwamba watoto 36 kati ya 100 hawatapata malaria tena. Sivyo. Maana yake ni kwamba pale ambapo watoto wasioipata chanjo hiyo waliugua mara 100, watoto wa idadi ileile waliochanjwa waliugua kama mara 64. Aliyechanjwa bado anaweza kuugua, na chandarua kibaki kitandani.

Nimeona ikielezwa kwa punje za mahindi: mafungu mawili juu ya mkeka, moja la punje 100, jingine la 64, na mtu yeyote anaruhusiwa kusogea kuhesabu. Watu huhesabu kweli. Halafu huja swali la mzazi ambaye mtoto wake alikuwa kundi la kulinganishia, yaani la watoto wasiopewa chanjo ya malaria: "Kwa hiyo wangu alichomwa maji?" Katika utafiti huu watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi hilo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao waondoke na kinga ya kitu fulani. Jibu hilo lazima litoke kwa mtu anayelijua, ana kwa ana, maana mzazi ana haki ya kuuliza mara ya pili na ya tatu.

Kwa nini basi miradi mingi hairudi? Mara nyingi ni fedha. Uchambuzi wa takwimu huisha wakati fedha za mradi zimeshakwisha, gari limerudishwa na wadodosaji wametawanyika. Ndiyo maana napenda kuona mstari wa mrejesho kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na mafuta ya gari na malipo ya mtafsiri, kwa sababu kuna wazee ambao Kiswahili cha takwimu hakiwafikii. Matokeo yakiwa "hatukuona tofauti yoyote," nayo yarudishwe vilevile.

Mrejesho mmoja niliouhudhuria ulifanyika kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mtafiti alieleza kwamba karibu kila aliyeulizwa alikuwa amelala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku ya dodoso, lakini malaria bado ilikuwa juu, na timu haijaelewa sababu. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasimama taratibu. "Mlituuliza Septemba," akasema. "Mpunga umeshavunwa, kila mtu yuko kwake. Mngekuja Aprili mngekuta nyumba zimefungwa. Tuko mashambani tunaamia ndege, tunalala kwenye madungu, na chandarua tumekiacha huku nyumbani."

Mtafiti aliomba kalamu kwa mtendaji wa kijiji, akamsihi mzee arudie tangu mwanzo, polepole.