Programu tatu seva moja: mlinzi wa geti umemweka, madirisha ya nyuma je?

Kwenye kitengo chetu cha TEHAMA kuna swali haliishi. Mtu ana tovuti ya taasisi, ana mfumo wa maktaba, na sahivi wamemtengenezea mfumo wa maombi ya wanafunzi, basi anakuja kuuliza akodi seva ya tatu. Namwambia nenda kwanza kaangalie hiyo ya kwanza inakula ramu kiasi gani, anarudi anasema haifiki hata robo. Sasa ya tatu ya nini?

Kinachowakwamisha watu ni poti, yaani mlango wenye namba ambao programu inapokelea maombi kwenye seva. Brauza ikifungua tovuti ya https inagonga poti 443, ya http inagonga 80, na kwa kawaida kwenye aipi moja (anwani ya namba ya seva) poti moja inakaliwa na programu moja tu, ukiwasha ya pili inagoma, inakwambia hapa pana mtu. Wengine wanaihamishia 8080 alafu wanawaambia watumiaji waandike namba hiyo mwisho wa anwani, jamani, mzazi anayetafuta fomu kwenye simu ataandika hayo lini.

Dawa yake ni rivasi proksi, programu inayokaa mbele, inapokea maombi yote na kumpelekea kila mwenye lake. Chukulia jengo lenye wapangaji wengi na geti moja, mlinzi anakuuliza unaenda kwa nani. Brauza inakuja na jibu mkononi, maana tangu HTTP/1.1 ya mwaka 1997 kila ombi lazima litaje jina la domeini linaloitafuta, kwa hiyo domeini zote tatu unazielekeza kwenye aipi ileile, mlinzi anasoma jina, wa maktaba anampeleka poti 3001, wa maombi 3002. Wengi wanatumia Nginx ambayo Igor Sysoev aliitoa hadharani 2004, wengine Caddy inayojitafutia cheti cha https yenyewe. Kwenye Nginx ni mistari michache tu, wenye kazi ni huu (127.0.0.1 ni seva ikijiita yenyewe):

proxy_pass http://127.0.0.1:3002;

Ngoja niseme yaliyotukuta wenyewe. Mfumo wetu mmoja ulikuwa na kinga, ukikosea nywila mara 5 aipi yako inafungiwa nusu saa. Tukauhamishia nyuma ya proksi Ijumaa jioni (ndo siku ya kuhamisha mfumo hiyo?), Jumatatu asubuhi simu zinalia, hakuna anayeingia hata mmoja. Kufungua logi, aliyeko Mbeya, aliyeko Tanga, wote wanasomeka 127.0.0.1. Kumbe mfumo haumwoni mgeni, unamwona mlinzi tu, kijana mmoja kasahau nywila yake huko, mlinzi ndo kafungiwa, na chuo kizima kikabaki nje. Mstari tuliousahau ni huu:

proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;

Alafu na programu yenyewe uiambie isome aipi ya mgeni hapo, lakini iuamini mstari huo ukitoka kwa proksi tu, ukiiacha iamini yeyote mjanja atajiandikia aipi anayoitaka.

Mengine ni madogo ila yanapoteza siku. Ukiona kosa la 502 usianze kuigombeza proksi, mara nyingi yenyewe ni nzima, programu ya nyuma ndo imelala. 413 ni faili limezidi, Nginx usipoigusa inapokea mwisho MB 1, na picha ya cheti iliyopigwa kwa simu inazidi hapo kirahisi, ongeza client_max_body_size. Na kabla ya kuiambia isome mipangilio mipya piga kwanza nginx -t, maana nukta mkato moja ikikosekana na wewe ukairistati, hazilali programu moja, zinalala zote tatu. Ramu pia ni ya wote, mpangaji mmoja mlafi anawaua wenzake, mwekee kikomo.

Ila linaloniudhi kuliko yote ni madirisha. Mtu kaweka mlinzi, kaweka https, alafu programu zake zinasikiliza 0.0.0.0 (aipi zote za seva), yaani kila mtu duniani anaweza kuzifikia kwa aipi na poti bila kupita getini. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya kontena, ndo inawaponza wengi, ukiandika 3002:3002 inafungua hiyo poti nje, na sheria zako za ufw (ukuta wa moto wa seva) hazisaidii kitu kwa sababu Docker inajiandikia zake pembeni. Andika 127.0.0.1:3002:3002. Database vilevile, iwe poti 3306 ya MySQL iwe 5432 ya PostgreSQL, haina biashara na watu wa nje.

Kujijaribu ni dakika moja. Zima waifai ya ofisini, washa bando la simu yako, andika aipi ya seva, nukta mbili, 3002. Ukurasa ukifunguka rudi ofisini ukafunge hilo dirisha leoleo.