Vifaranga kwenye kidaka cha sahani

Kuna sentensi moja nimeikuta kwenye karatasi za wanafunzi mara nyingi, hata siku hizi naisikia kabla sijaifikia: "Mshairi anatufunza kuwa kifo hakiepukiki, hivyo tutende mema." Naiwekea alama ya vema, maana mwongozo wa kusahihisha unataka hivyo, lakini mkono huwa mzito. Sentensi hiyo inafaa utenzi wa miaka mia mbili iliyopita, inafaa mawaidha ya msibani, inafaa hata maandishi ya nyuma ya lori. Ikifaa kila mahali, basi haijasema lolote kuhusu shairi lililo mezani.

Nami niliandika hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi, na nikafaulu. Tumezoeshwa kuigawa kazi ya fasihi mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, kama mtu anayepukuchua mahindi: gunzi linatupwa, punje ndizo ujumbe. Kwenye mashairi ya mauti mazoea hayo hutuponza kuliko kwingine. Kwamba tutakufa, tunajua. Hakuna aliyefungua diwani akashtuka kuambiwa. Kazi ngumu ya mshairi ni kukufanya ulijue upya jambo ulilokuwa ukilijua, na kwa hilo anahitaji vitu vya kushikika na sauti ya kuvibeba.

Tuchukue utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya Pate inaporomoka. Mji huo uliokuwa na nguvu katika visiwa vya Lamu ulishindwa na Lamu yenyewe katika vita vya Shela, mnamo 1813 hivi, na haukuinuka tena. Nyumba za wakubwa zilijengwa kwa mawe, na kwenye kuta za ndani mlikuwa na safu za zidaka, vishubaka vilivyorembwa kwa chokaa, ambamo zilipangwa sahani za kutoka China na vyombo vingine vya thamani. Mshairi anaingia humo:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Yaani kwenye zidaka za sahani sasa wamelala vifaranga vya ndege, bundi anakoroma katikati ya nyumba, zisiji na koti, nao ni ndege, wameifanya makazi. Ubeti mwingine una makinda ya popo yaliyoning'inia juu na utando wa buibui uliotanda, na humo husikii hisi wala ukeme, yaani sauti wala ukelele.

Wengi husema ubeti huu unaonyesha ukiwa. Mimi naona umezidi hapo. Kidaka kingali kidaka, bado kimehifadhi kitu, ila kitu chenyewe sasa ni hai na hakijui sahani ni nini. Popo wanazaa, ndege wanazaa, kuna hata anayekoroma kwa raha zake kama mwenye nyumba. Nyumba haikubaki tupu hata kidogo, imepata wenyeji wengine. Kwa tajiri aliyeagiza zile sahani zivushwe bahari nzima, nadhani hilo lingemuuma kuliko vumbi.

Halafu kuna ile -ye. Utenzi huu una beti za mishororo minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake, wa nne hurudi kwenye -ye kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na kina kinachorudi hivyo ndicho huitwa kina cha bahari. Kwa sikio lililolelewa kwa Kiswahili sanifu hilo ni pambo la kale. Lakini katika lahaja za kaskazini ndicho kiishio cha hali timilifu: walaliye ni wamelala, waikaliye ni wameikalia. Si kila ubeti unamalizikia kitenzi cha namna hiyo, ila ni nyingi, na ukighani utenzi mzima kwa sauti (jaribu, usisome kimyakimya) sikio linapigwa na "imekwisha kuwa" kila baada ya mistari minne. Mwanafunzi anayeandika "kina cha bahari ni -ye" kisha akasonga mbele amekishika kifo mkononi akadhani ni urembo.

Wala hahubiriwi mtu. Msemaji anauuliza moyo wake mwenyewe, "Moyo wangu nini huitabiri", mbona huzingatii. Jina la utenzi lina maana ya kufunuliwa, na anayefunuliwa ni yeye.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe aliandika shairi fupi linaloanza "Amina umejitenga, kufa umetangulia". Tazama kitenzi cha kwanza. Hakusema umetengwa, wala umetutoka. Umejitenga, kama mtu aliyesogea kando mwenyewe, kwa hiari. Ni lawama ndogo iliyofichwa ndani ya pole, na kila aliyewahi kumzika mpenzi wake anaijua. Kisha lile neno funga linafanya kazi mbili: Amina amefunga kama ua baada ya kuchanua, na kuna mapenzi "tuliyofunga, hapana wa kufungua". Kufunga kumoja ni mwisho, kwingine ni kukataa mwisho, kwa kitenzi kile kile. Ukiniuliza funzo ni lipi, nitakusomea tena mstari.

Wapo waandishi ambao hawakubali kabisa kutoa funzo. Katika Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye mwishowe anajiua, na usomi wake haumpi neno la kushika. Kila mwaka hutokea mwanafunzi anayejaribu kuipachika methali mwishoni. Haishiki.

Nimemwacha mshairi Mwana Kupona nyuma kwa makusudi, maana huyu anatoa mafunzo waziwazi, na ndiye anayenipinga zaidi. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Mume alifariki 1856. Utendi wake ni wa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, na tarehe hiyo ameitia ndani ya beti zake. Ni wosia kwa bintiye Mwana Hashima: dini, adabu, ulimi, na utiifu kwa mume, sehemu ambayo wasomaji wa leo hugombana nayo, na wana haki. Ukiorodhesha maagizo tu, unapata kijitabu cha malezi. Ila kabla ya maagizo kuna hili:

Maradhi yamenshika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mwaka mzima wa ugonjwa umepita bila kupata kumwambia mwanawe neno jema. (Na mwenye kusema hivyo anaitwa Kupona. Sijui kama yeye alitabasamu, mimi hunishika kooni.) Maagizo yote yanayofuata yanasomwa chini ya kivuli cha huo mwaka. Hata lile la mume: anasimulia jinsi mumewe, saa yake ilipofika, alivyomkariria radhi. Kwa hiyo ndani ya utendi mmoja kuna vitanda viwili vya mauti. Mjane anakumbuka alichoambiwa kwenye kimoja akiwa amelala kwenye kingine. Utiifu anaousifu si kanuni aliyoiokota mahali, ni neno la mwisho alilopewa na mtu, naye analipitisha kabla halijamfia mdomoni. Unaweza kulikataa neno lenyewe na bado ukasikia uzito wa mkono unaokukabidhi.

Ubeti unaofuata ndio huu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Nimeufundisha ubeti huu miaka mingi kama mlango tu wa kuingilia kwenye wosia, mpaka mwanafunzi mmoja, aliyekuwa haongei darasani, alipoinua mkono akauliza: kalamu kaishika nani? Nikaanza kujibu kwamba mtunzi ni mama. Akasema hilo analijua, ila anayeitwa aje na wino ni binti. Kama binti ndiye aliyeandika, basi wakati mama anatamka "maradhi yamenshika", Mwana Hashima alilazimika kuyaandika maneno hayo kwa mkono wake, kwa nafsi ya kwanza, huku anamtazama.

Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya jibu hilo. Nilimwambia aliandike hivyo hivyo.