Antivairasi pekee hailindi programu za biashara

Wakuu wengi wa kampuni huamini kwamba wakishanunua antivairasi na kuweka ukuta wa mtandao (firewall, kizuizi cha mawasiliano yasiyoruhusiwa), mifumo yao ya mauzo, mishahara na wateja iko salama. Si kweli. Ukuta huo hauna budi kuwaruhusu wateja wafike kwenye tovuti yako, na mshambuliaji hupita mlango huohuo.

Tazama Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo. Machi 2017, watengenezaji wa Apache Struts, programu huria iliyokuwa ndani ya mfumo wa Equifax wa kupokea malalamiko ya wateja, walitangaza udhaifu mkubwa na kutoa sasisho la kuurekebisha. Equifax walipata onyo, lakini mfumo ule haukusasishwa. Katikati ya Mei wezi wakaingia. Ndani wakakuta majina ya watumiaji na manenosiri yakiwa yameandikwa wazi, wakayatumia kufikia hifadhidata nyingine nyingi zisizohusiana kabisa na malalamiko. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwepo, ila cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimeisha muda, hivyo hakikuweza kusoma mawasiliano yaliyofichwa kwa msimbo, na wizi haukuonekana hadi mwisho wa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeguswa.

Inauma, kwa sababu sasisho lilikuwepo na lilikuwa bure. Anza basi na maswali haya: ni programu zipi zinazoendesha biashara yako, zimejengwa juu ya kazi za nani wengine, na ni nani hasa, kwa jina, anayewajibika kuzisasisha?