Ndugu wawili, chandarua kimoja

Mama mmoja wa Nagongera, wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, aliniuliza swali ambalo, nikisema ukweli, ndilo linalonilipa mshahara. "Musawo (daktari), wanangu hawa wanalala chandarua kimoja, mbu ni wale wale. Mbona huyu mkubwa akishikwa na malaria anaendelea kucheza, na mdogo wake kila mara tunakimbizana kumwongezea damu?"

Ukiniuliza hivyo, kitu cha kwanza ninachotafuta ni hemoglobini S, aina isiyo ya kawaida ya ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Jeni ya hemoglobini tunairithi mara mbili, kwa baba na kwa mama. Ukipata S pande zote mbili una selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Ukipata upande mmoja tu, wewe ni AS: kwa kawaida huugui, ila umebeba. Asiye na S kabisa, mwenye hemoglobini ya kawaida pande zote mbili, ni AA.

Ndani ya chembe nyekundu ya mtu wa AS, kimelea cha malaria hakistawi. Oksijeni ikipungua kinadumaa. Chembe nayo hupinda, na wengu huiokota mapema. Isitoshe, chembe hiyo haing'ang'anii vizuri kuta za mishipa midogo, na kung'ang'ania huko ndiko kunakoziba mishipa ya ubongo mpaka mtoto anapoteza fahamu. Ndiyo maana AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Elimu hii imechimbwa kwetu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Kiganda: kati ya 43 waliobeba S, 12 walikutwa na vimelea, kati ya 247 wasiobeba, 113. Pia aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 waliojitolea. Wasiobeba S walipata vimelea 14 kati ya 15, waliobeba wawili tu kati ya 15. Ningelipeleka jaribio kama lile mbele ya kamati ya maadili leo, wangenitoa mbio.

Mimi nauhusudu zaidi utafiti wa 2014 na 2015. Matone ya damu ya watoto wachanga yalikuwa tayari Kampala, yamekauka kwenye karatasi, yameletwa kupimwa VVU. Wenzetu wakayapima tena, sampuli 97,631, wakatafuta S. Asilimia 13.3 walikuwa AS. Kiwango kilipanda kaskazini ya kati na mashariki, kikashuka kwenye milima yenye baridi ya kusini magharibi, ambako malaria ilikuwa haba tangu zamani. Ramani ya damu imefuata ramani ya mbu.

Sasa kuna watu wakisikia wao ni AS wanakunja chandarua. Hapana! AS anaumwa na mbu, anapata vimelea, na anaweza kumwambukiza mbu atakayemuuma jirani. Na mwenye S mbili hana kinga hata kidogo ya kujivunia. Malaria kwake ni hatari kubwa, ndiyo maana hupewa dawa za kuizuia. Wazazi wawili wa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa selimundu.

Turudi Nagongera. Majibu ya wale ndugu yalipotoka, wote wawili walikuwa AA.

S si mlango pekee. Kuna talasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya kurithi ya hemoglobini, kuna aina ya damu iitwayo Dantu iliyochunguzwa sana Kilifi, nchini Kenya, kuna hata kundi la damu la kawaida: wenye O hupata malaria kali mara chache kuliko wenye A, kwa sababu chembe zao hazigandani sana na zile zilizoambukizwa. Mkubwa alikuwa O, mdogo A.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mkubwa hawezi basi kumchangia mdogo wake damu.

"Kundi linaruhusu, mama," nikamwambia. "Umri ndio haujaruhusu."